Nungunungu na Nyama Asiyoila

Mwaka ule mvua za vuli hazikuja, na za masika zikaiga mfano huo mbaya. Mto ukakauka, likabaki bwawa moja dogo lenye maji ya rangi ya chai ya maziwa. Wanyama wote wakawa wanakunywa hapo, wala nyama na wala majani, bega kwa bega, wakitazamana kwa adabu kubwa kama ndugu waliokutana kugawana urithi.

Simba, mfalme wa nyika ile, alikuwa na kiburi kirefu kuliko manyoya yake, lakini safari hii aliona mbele. Aliagiza wanyama waliokufa kwa kiu wachunwe, nyama yao ikaushwe juu ya miamba na kuwekwa pangoni. Kisha akatangaza sheria mbele ya wote. Maadamu nyama ipo pangoni, hakuna atakayewinda. Wala nyama watapata mafungu yao, wala majani watakunywa kwa amani. Na atakayeiba nyama hiyo atanyimwa fungu lake mpaka mvua inyeshe.

Sheria ilikuwa nzuri. Kilichobaki ni mlinzi, na Fisi akajitolea. Simba aliona ni jambo la busara: nani anaijua nyama kuliko Fisi? Wanyama wengine wakakohoa. Mfalme akasema hicho kikohozi ni vumbi.

Nungunungu hakukohoa, maana hakuwepo. Alikuwa mama wa makamo, mpole asipoguswa, asiyependa mikutano. Aliishi peke yake shimoni, akila mizizi na viazi pori, na alipopata nafasi alitafuna mifupa mikavu aliyoiokota huku na huku. Hakuitafuna kwa uroho. Meno ya nungunungu yasiponolewa hurefuka mpaka mdomo ushindwe kufunga, na yeye, ingawa hakuwa msemaji, alipenda mdomo wake ufunge.

Asubuhi moja Fisi alifika bwawani analia. Alilia mpaka ndege wakahama. Tumbo lake lilikuwa limekaza kama ngoma, na kwa vile alikuwa analia, wengi walidhani limejaa huzuni.

"Tumeibiwa!" alipiga mayowe. "Pango tupu! Nyama yote imekwenda!"

Wanyama wakaacha kunywa. Kila mla majani alielewa maana yake: nyama ikiisha pangoni, itaanza kutafutwa migongoni mwao.

"Nani?" Simba akanguruma.

"Mimi si mtu wa kusingizia wenzangu," alisema Fisi, akatoa mwiba mrefu wenye mistari myeusi na myeupe. "Nimeuokota mlangoni mwa pango. Jina silitaji."

Hakukuwa na haja ya kulitaja. Simba akaongoza msafara hadi nyumbani kwa Nungunungu, na humo shimoni wakakuta mifupa, mingi, yote ina alama za meno. Nungunungu alikuwa usingizini. Alivutwa nje kwa mguu, macho yakakutana na jua, na mbele ya jua akaona uso wa Simba.

"Mifupa hii ni yako?"

"Ni yangu, Mfalme. Niliiokota kule—"

"Amekiri!" Fisi akadakia.

"Sijamaliza. Niliiokota kule—"

"Kimya!" alisema Simba. "Mwizi hazungumzi mbele ya mfalme."

"Mimi bado sijawa mwizi, Mfalme."

"Umekamatwa na mfalme. Mfalme akimkamata mtu, mtu huyo ana kosa. Au unataka kusema mfalme amekosea?"

Nungunungu akatazama makucha ya aliyeuliza, akaona swali hilo halina jibu lenye usalama. Ukweli ni kwamba Simba alikuwa ameshawaza njiani. Kama mwizi si Nungunungu, basi ni mlinzi, na kama ni mlinzi, wanyama wangeuliza nani aliyemchagua mlinzi. Mfalme hakulipenda swali hilo, kwa hiyo akaupenda mwiba.

Papo hapo akatangaza kwamba kesi itasikilizwa kesho asubuhi kwenye uwanja wa chumvi, na mshtakiwa atauawa mchana, ili wanaokaa mbali wajipange mapema. Kwa kuwa haki haitaki upungufu wa wafanyakazi, Fisi akapewa kazi zote. Yeye ndiye mlalamikaji, yeye shahidi, yeye mlinzi wa mahabusu, na kwa vile alijitolea tena, yeye ndiye atakayemuua mwenye hatia na kuushughulikia mwili.

Wakamtumbukiza Nungunungu kwenye shimo lililoachwa na mhanga, yule mnyama mla mchwa, refu, lenye kuta zinazomomonyoka kila akijaribu kupanda. Jua likamwakia kichwani. Fisi akaketi ukingoni na kibuyu cha maji, akawa anamimina chini polepole, mahali ambapo mfungwa angeweza kuyasikia yakidondoka.

"Kiri tu, mama," alisema kwa upole. "Kwa nini ujitese? Sema ni wewe, unywe, tumalize."

Koo la Nungunungu lilikuwa limekauka kama gome. Alilifikiria lile neno. Lilikuwa fupi mno: ndiyo. Mtu anaweza kulisema hata bila mate. Akafikiri, nikisema nitakunywa. Kisha akafikiri, na nikishakunywa, kila mtu atakayekuja hapa atasema Nungunungu alikiri kwa mdomo wake, hakuna aliyemlazimisha. Akamgeuzia Fisi mgongo, akasimamisha miiba yake yote.

"Kunyamaza nako ni kukiri," alisema Fisi, akanywa yale maji mwenyewe.

Jua lilipopungua ukali Fisi akaondoka kwenda kula. Nyama ilikuwa imeibwa yote, lakini hakuna aliyemuuliza anakwenda kula nini. Mara masikio mawili marefu yakachungulia shimoni.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba," alijibu Nungunungu. Sungura huyo yeye alimfahamu kwa sifa tu, na sifa zenyewe hazikuwa za kumfanya mtu alale mlango wazi. "Umekuja kunicheka?"

"Nimekuja kuwa wakili wako."

"Kwa nini? Hatujawahi hata kusalimiana."

"Kwa sababu nakupenda sana, shangazi."

Nungunungu akamtazama bila kupepesa.

"Haya," alisema Sungura. "Kwa sababu ukishauawa watasema kesi imekwisha, halafu uwindaji unaanza. Mimi mfupi, sina pembe, na wanasema nina ladha. Lakini tumbo moja, hata liwe la nani, haliwezi kumaliza pango zima. Nyama iliyobaki imefichwa mahali. Ikipatikana, sote tunapona." Akamdondoshea kiazi pori chenye maji mengi. "Tafuna, kisha uniambie. Ile mifupa uliiokota wapi?"

Nungunungu alikitafuna kile kiazi mpaka tone la mwisho, machozi yakamlengalenga, si kwa utamu wake.

"Tangu asubuhi," alisema, "wewe ndiye wa kwanza kuniuliza. Niliiokota kwenye korongo, nyuma ya kichuguu chekundu. Kila nikipita naikuta mipya. Nilidhani ni bahati yangu."

Kesho yake uwanja wa chumvi ulijaa. Nungunungu alipitishwa katikati amefungwa kamba ya ukindu, na wale waliokuwa wakimsalimia zamani wakawa wanachunguza kwato zao. Sungura akamsogelea, akamnong'oneza kwamba amekwenda korongoni na kukuta mapango mengi ya giza, mifupa, na kinyesi cheupe kama chokaa, cha mla mifupa.

"Si umeshamjua basi?" Nungunungu akauliza.

"Kumjua namjua. Lakini nyika hii ina fisi wengi, shangazi, na wote wanakwenda haja. Ile ni dalili. Tukimhukumu mtu kwa dalili moja, tutakuwa tunafanya wanachokufanyia wewe."

Simba akaketi kwenye mwamba, akajitikisa manyoya. "Kesi imefunguliwa. Nungunungu ana hatia. Nani ana la kusema?"

Sungura akainama mpaka masikio yakagusa vumbi. "Mfalme mtukufu, uamuzi wako ni wa haraka, na haraka ni sifa ya wakubwa. Naomba tu kujua anashtakiwa nini."

"Wizi wa nyama," alisema Fisi.

"Aliifanyia nini?"

"Aliila!"

"Nungunungu anakula mizizi."

"Aliila kwa ukaidi," alisema Fisi, na fisi wenzake wakashangilia hoja hiyo.

"Sheria iliyotangazwa ilisema mwizi atanyimwa fungu lake la nyama," Sungura akaendelea. "Kifo kimetoka wapi?"

"Huyu hana fungu la nyama," alisema Simba kwa hasira. "Nitamnyima nini? Ndiyo maana nimeongeza kifo."

"Umeongeza kabla ya kosa au baada?"

"Baada! Ningejuaje kabla?"

"Naomba basi ahojiwe, kisha sote twende korongoni, nyuma ya kichuguu chekundu, tukaangalie."

Masikio ya Fisi yakasimama. Simba hakuyaona, alikuwa anaitazama hadhi yake. "Mfalme haendi makorongoni kutafuta anachokijua tayari. Na mshtakiwa hahojiwi. Angekuwa hana hatia, asingeshtakiwa!"

Sungura akainama tena, chini zaidi. "Maneno ya dhahabu, Mfalme. Ni hasara kuyaacha yapite hivihivi. Yatangaze yawe sheria, ili sisi wadogo tusirudie kuuliza ovyo."

Hakuna kitu Simba alipenda kuliko kutangaza. Alisimama, akakohoa. "Sikilizeni! Anayeshtakiwa ana hatia tangu anaposhtakiwa. Hatasema, hatauliza, hatatetewa!"

"Inaanza lini, Mfalme?"

"Sasa hivi!"

"Ni kwa wote?"

"Kwa wote!"

"Asante," alisema Sungura. "Namshtaki Fisi kwa wizi wa nyama."

Uwanja ukalipuka. Nyati, ambaye muda wote alikuwa anasinzia, akashusha pembe. "Auawe!" alipiga kelele, na nyuma yake wote wakapokea: "Auawe! Auawe!" Ni wale wale waliokuwa tayari kumwona Nungunungu akifa mchana ule, na sauti zao zilikuwa na furaha ile ile.

Fisi akarudi nyuma mpaka akagonga mwamba. "Ushahidi uko wapi? Huwezi kumuua mtu kwa neno la mtu! Lazima nisikilizwe! Mimi nina haki!" Ilikuwa mara ya kwanza neno hilo kutoka kinywani mwake, na kwa kweli alilitamka vizuri.

"Mshtakiwa hazungumzi!" wakamjibu wote, wakicheka. Hata Sungura alikuwa anatabasamu, maana mtego wake ulikuwa umenasa.

Simba aliduwaa. Akimwokoa Fisi, atakuwa amevunja sheria ambayo vumbi lake halijatua. Akimuua, basi mlinzi aliyemteua ni mwizi.

Nungunungu alitazama yote hayo kutoka pale alipofungwa, na kwanza alifurahi. Alimwona Fisi anatetemeka, na utamu ukampanda mpaka kwenye ncha za miiba. Aonje kiu na yeye, aliwaza. Lakini kelele zilipozidi aliona Nyati anachimba ardhi kwa kwato, akakumbuka kwamba jana, alipokuwa anavutwa kwa mguu, alizisikia kwato zile zile zikichimba vile vile.

"Mwacheni aseme!" alipaza sauti.

Hawakumsikia. Akatikisa miiba yake yote kwa nguvu, ikalia kama manyanga, na waliokuwa karibu wakaruka pembeni.

"Nimesema mwacheni aseme! Mimi jana nilikuwa na neno moja tu mdomoni. Mngenisubiri nilimalize, saa hizi mngekuwa mnajua nyama iko wapi. Mkimuua huyu sasa, mtakuwa mmepata nini? Mzoga mmoja. Na kesho mtu atamnyooshea kidole Nyati."

Nyati akaacha kuchimba. Hilo hakuwa amelifikiria.

"Shangazi," Sungura akanong'ona kwa uchungu, "tulikuwa tumeshamweza."

"Tulikuwa tumemweza kama alivyoniweza mimi," alisema Nungunungu.

Simba aliona mlango umefunguliwa, akapita kwa mwendo wa maringo. "Mfalme alikuwa anawajaribu tu," alisema. "Sheria ile nimeifuta. Wote wawili watasikilizwa, kama nilivyokusudia tangu mwanzo." Hakuna aliyekohoa.

Nungunungu alisema habari ya korongo, kwa maneno machache. Sungura akamgeukia Fisi.

"Bwana Fisi, mimi ndiye ninayekushtaki, kwa hiyo mzigo wa kuthibitisha ni wangu. Wewe hulazimiki kusema lolote. Ukinyamaza, hakuna atakayesema umekiri. Umenielewa?"

Hapo ndipo Fisi alipokuwa amepona. Sungura alikuwa na mifupa, kinyesi na maneno ya mama mmoja. Angefunga mdomo tu, kesi ingelegea. Lakini kumwambia Fisi afunge mdomo ni kumwambia asiwe Fisi.

"Sina cha kuficha!" alisema. "Nilikuwa mlangoni mwa pango siku zote, sikufumba jicho."

"Basi ulimwona Nungunungu akiingia."

"Nilimwona kwa macho yangu!"

"Ukafanya nini?"

"Nili... nilikuwa nimelala."

"Haya. Ukiwa umelala bila kufumba jicho, ulimwona akibeba nini?"

Fisi akameza mate. "Kila kitu! Alianza na mapaja ya kongoni. Kisha mbavu za pundamilia, zile zenye mafuta pembeni, yamekauka mpaka yanavunjika kama... yanavunjika yenyewe." Sauti yake ikaanza kulainika. "Kisha ulimi wa nyati. Ulimi ule! Nje mgumu, ndani laini, una chumvichumvi kwa mbali, ukiuweka mdomoni huhitaji hata kutafuna, unakaa tu, unayeyuka..."

Udenda ulikuwa unamdondoka hadi kifuani. Nyati alikuwa amekunja uso kwa sababu za kifamilia.

"Umejuaje?" Sungura akauliza kwa sauti ndogo.

"Nini?"

"Kwamba unayeyuka."

Fisi akajifuta kifua. Akatazama kulia, akatazama kushoto. "Nilionja," alisema. "Mlinzi lazima aonje, isije ikawa imeharibika. Mnataka watu waugue? Na sikumaliza! Mnanionea bure! Nyingine nzima kabisa iko korongoni, nimeihifadhi vizuri, nimeifunika na majani!"

Alicheka, kama fisi wanavyocheka wakiishiwa maneno. Alicheka peke yake.

Wakaenda korongoni, na safari hii mfalme alikwenda. Kwenye pango la ndani kabisa wakaikuta nyama, chini ya majani, zaidi ya nusu ya ile iliyopotea. Ikarudishwa kwenye pango lake, chini ya ulinzi wa Nyati, ambaye haili hata akilipwa. Uwindaji haukuanza. Sungura alikunywa maji bwawani jioni ile kwa mwendo wa mtu ambaye ladha yake haijulikani.

Kulikuwa na waliotaka Fisi auawe hapohapo, lakini Nungunungu akauliza tu sheria ilisemaje siku ilipotangazwa, na wote walikuwa wanaikumbuka. Fisi akanyimwa fungu lake mpaka mvua inyeshe. Kwa Fisi hilo si jambo dogo. Alizunguka nyika nzima akilalamika kwamba hakuna haki duniani, na kila aliyekutana naye alimsikiliza hadi mwisho, kisha akaendelea na safari yake.

Kuhusu mwiba, Fisi alikubali mwenyewe kwamba aliuokota njiani.

Simba hakutaka siku iishe bila tangazo. Akapanda mwamba, akaamuru kamba ya Nungunungu ikatwe, akasema kwa sauti ya huruma iliyosikika hadi mbali:

"Nungunungu, mfalme wako amekusamehe."

Wanyama wakashangilia. Nungunungu akajipapasa miguu ilipokuwa imekatwa na kamba, akainua macho.

"Asante, Mfalme," alisema. "Umenisamehe kosa gani?"

Shangwe ikakatika. Simba akafungua kinywa, akamtazama Sungura, na Sungura akainama chini kuondoa mchanga usiokuwepo kwenye ukucha wake. Nungunungu alisubiri kwa heshima zote, kama mtu mwenye nafasi ya kutosha. Alipoona jibu haliji, aliaga, akaenda zake nyumbani. Wanaoijua nyika ile wanasema mfalme bado analitafuta.